Tofauti ya Sita

Darasa la tatu B, Ibra, mwezi wa pili.
Kiyoyozi kinakohoa kama mzee wa tumbaku.
Watoto ishirini na saba, harufu ya mkate wa jibini
uliotiwa chipsi, uliofichwa mikobani tangu alfajiri,
na ubaoni saa ya kadibodi niliyoikata mwenyewe,
akrabu zake nimezibana kwa kifungo cha kanzu ya mwanangu.

Mtihani ulikuwa na maswali kumi.
Thuwaiba binti Harith alikosa yote kumi.

Si kukosa kwa mvivu. Sikiliza:
Kengele ya kwanza hulia saa ngapi? Saa moja.
Adhana ya adhuhuri? Saa sita na robo.
Baba hurudi kutoka kazini? Saa tisa.
Tarakimu zimesimama safu, zimechana nywele,
na kila moja imepotea njia kwa sita,
haikuzidi, wala haikupungua.
Hakuna abahatishaye kwa unyofu namna ile.

Kalamu nyekundu ikanikaukia mkononi.

Maana nami nililelewa na mama wa Wete,
aliyekuja na mbuzi ya kukunia nazi
katika mji usio na mnazi hata mmoja,
na saa mbili za usiku kwake ilikuwa amri: lala.
Miaka kumi na minne ya ualimu
nimekiacha Kiswahili mlangoni pa darasa
pamoja na vumbi la viatu.

Nilimwita. Nani kakufundisha saa? nikauliza kwa Kiarabu.
Akatazama soksi zake.
Bibi.
Bibi anasema mwenye akili zake
haanzi kuhesabu siku usiku wa manane, watu wamelala.

Hajakosea, nikamwambia. Kwa Kiswahili.
Darasa likanyamaza kama limeona paka akisoma gazeti.

Mundhir akainua mkono, ruhusa hakuingoja:
kwao zamu ya maji ya falaji hupimwa kwa kivuli,
mchana babu yake hutazama fimbo, usiku hutazama nyota,
na mitende haijawahi kulalamika kwamba kachelewa.
Ghaniya akasema maikrowevu ya kwao
ni saa kumi na mbili, usiku na mchana,
tangu umeme ulipokatika Ramadhani.
Wakacheka. Nikawaacha wacheke,
nilihitaji nafasi ya kufikiri.

Nikachukua mkasi, nikakata akrabu mpya,
safari hii nikaiachia mkia.
Akrabu, huku, ni nge. Watoto wanamjua,
wamefundishwa kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa.
Tazameni, nikasema, kichwa kinaonyesha saa ya shule,
mkia unaonyesha saa ya bibi yake Thuwaiba.
Ni nge mmoja, hakukatwa mahali.
Nikamgeuza: saba na moja. Nikamgeuza: tisa na tatu.
Thuwaiba alikuja mbele akamgeuza mwenyewe,
taratibu, kwa ncha za vidole,
kama mtu anayefungua mlango wa chumba anachokijua.

Jumatano tukarudia mtihani. Akapata tisa.
Swali la kumi, Wewe hulala saa ngapi?
kajibu: Bibi akinyamaza.

Nikatia alama ya kosa. Wizara ni wizara.
Kisha nikakaa na karatasi ile, mabasi yamekwisha ondoka,
kiti cha Mundhir kimeachwa juu chini,
chini ya dawati la nyuma kipande cha chipsi na sisimizi wake.
Nikaifuta ile alama kwa kidole. Haikufutika, ilitapakaa tu,
wekundu hadi kwenye jina lake.

Nikatazama saa ya mkononi:
kichwa kwenye moja, mkia kwenye saba.
Mama nyumbani keshapakua.
Nikasikia njaa, kwa Kiswahili.